Kulisha familia ya watu sita kwa chakula kisichokobolewa, Mtwara na Lindi

Mikoa ya Mtwara na Lindi haina shida ya kukosa chakula cha asili. Mbaazi, choroko, kunde, karanga, ufuta, korosho, mtama, muhogo na nazi vinatoka mashamba ya humuhumu, na kwa walio pwani bahari iko karibu. Kinachoumiza mfuko ni majira. Kinachovunwa Juni kinauzwa Juni kwa sababu fedha inahitajika, halafu ikifika Februari nyumba ileile inanunua sembe kilo mojamoja dukani, pamoja na tambi na mafuta ya kupimiwa, kwa bei ya watu wasio na chaguo. Anayetaka kula vizuri kwa fedha kidogo aanze kupanga kuanzia mavuno, kabla hajafikiria mapishi. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na hesabu na ghala, na jikoni tutafika baadaye.

Hesabu ya wiki

Chukua familia ya watu sita: wazazi wawili na watoto wanne wa umri wa shule. Kwa wiki moja inahitaji takriban:

- unga (dona, mtama na muhogo kwa zamu) kilo 8, na mchele kilo 2
- mbaazi, kunde, choroko au maharage kilo 3.5, yaani nusu kilo kwa siku
- muhogo mbichi, viazi vitamu au maboga kwa ajili ya kifungua kinywa, kilo 12 kabla ya kumenya
- dagaa wakavu gramu 500 hadi 700, au samaki wabichi kilo 3
- karanga na ufuta kilo 1 kwa pamoja
- nazi 5 au 6, na mafuta nusu lita
- mboga za majani kilo 6 au 7
- matunda ya msimu
- chumvi yenye madini joto gramu 200

Wakati wa palizi, watu wazima wanaposhinda shambani, ongeza kilo moja na nusu ya unga. Nyumba yenye mama mjamzito au anayenyonyesha iongeze mbaazi na dagaa kuliko unga.

Panapopotea fedha nyingi ni kwenye kitoweo, kwa hiyo jifunze hesabu hii moja: gawanya bei ya kilo kwa gramu za protini zilizomo. Bei zifuatazo ni za mfano. Weka za soko lako. Mbaazi za shilingi 2,000 kwa kilo zina protini gramu 210 hivi, kwa hiyo kila gramu inakugharimu shilingi 10 kasoro. Karanga za shilingi 4,000, zenye gramu 250, ni shilingi 16. Dagaa wakavu wa shilingi 10,000, wenye karibu gramu 500, ni shilingi 20. Nyama ya ng'ombe ya shilingi 10,000, yenye gramu 200, ni shilingi 50. Yai la shilingi 400 lina gramu 6 tu, yaani zaidi ya shilingi 65 kwa gramu. Soseji huwa juu ya hapo, kwa sababu humo ndani umelipia maji, unga na mafuta. Hatusemi nyama na mayai viachwe. Ila mbaazi na dagaa ndivyo vibebe wiki, nyama na mayai vije kama nyongeza.

Ukishapata orodha yako, angalia vinavyokula fedha bila kushibisha: sukari ya chai mara mbili kwa siku, soda, biskuti za watoto, vidonge vya kuungia mchuzi, maandazi ya asubuhi. Kwa nyumba nyingi maandazi na sukari peke yake vinatosha kununua dagaa wa wiki nzima. Anza kukata hapo.

Kununua kwa msimu

Mvua kusini ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mavuno yanakuja kwa mkupuo. Kati ya Mei na Julai hutoka mahindi, mtama, choroko, kunde, karanga na ufuta. Mbaazi mbichi huingia sokoni kuanzia Juni, na kavu hujaa Agosti hadi Oktoba. Korosho huanza Oktoba, maembe hufuata Novemba hadi Januari. Kuanzia Januari hadi Machi ndiyo miezi ya njaa: ghala tupu, shamba bado changa.

Ukilima ufuta au mbaazi mwenyewe, toa cha nyumbani kabla ya kupeleka mzigo ghalani kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Kikishaingia kwenye stakabadhi ya ghala huwezi kurudi kukiomba. Kwa familia ya watu sita, kutoka Januari hadi mwisho wa Aprili ni wiki 17: tenga mbaazi, choroko na kunde kilo 60, mahindi na mtama gunia moja la kilo 100, na ufuta na karanga kilo 17.

Fedha isipotosha kununua vyote, anza na mbaazi na choroko, kisha ufuta, nafaka iwe ya mwisho. Watu wengi hufanya kinyume, wanajaza mahindi kwanza kwa kuwa ndiyo yanayojaza tumbo. Lakini muhogo ulioachwa shambani ni akiba ya wanga, unaweza kuung'oa hata Februari. Hakuna kitu shambani mwezi huo kitakachoziba nafasi ya mbaazi.

Waliosubiri fedha za korosho wafanye manunuzi haya wiki ileile malipo yanapoingia, kabla ya kitu kingine chochote. Mbaazi bado hazijapanda sana wakati huo.

Kuhifadhi bila dawa

Adui wa kwanza ni unyevu, hasa pwani. Kabla ya kufunga chochote, pima hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia vijiko viwili vya chumvi kavu na punje zako hadi theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, punje bado zina maji. Zirudishe juani kwenye turubai, si kwenye udongo mtupu. Chumvi ikianguka yote chini, funga.

Dumuzi na fukusi hawahitaji dawa, wanahitaji kukosa hewa. Mifuko ya tabaka tatu, ambayo wengi huiita kinga njaa, hufanya kazi hiyo vizuri: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba nje. Toa hewa kwa kukandamiza, sokota mdomo wa kila mfuko peke yake, ukunje, funga kwa kamba. Usifungue kwa miezi miwili ya kwanza. Kosa la kawaida ni kufungua kila wiki kutoa kibaba; kila ukifungua unawapa wadudu pumzi mpya. Gawanya mzigo: mfuko mkubwa ukae, dumu dogo litumike.

Asiye na mifuko atumie madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula, yaliyooshwa na kukaushwa hadi harufu na maji viishe. Dumu moja huchukua kama kilo 15 za mahindi au 16 za mbaazi. Lijaze hadi shingoni, ukiligonga gonga chini ili punje zishuke, kisha kaza kifuniko na uzungushie nta ya mshumaa. Dumu lililojaa nusu halihifadhi, kwa sababu hewa iliyobaki juu inatosha wadudu kuendelea kuzaana. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kupulizia mikorosho lisiingie jikoni kabisa, hata lioshwe mara ngapi.

Karanga na mahindi vinahitaji uangalifu wa ziada kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Kinga yake ni kukausha haraka na kuchambua kwenye ungo: toa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Usizipe kuku. Karanga nunua nzima uzisage mwenyewe. Karanga zilizokwisha kusagwa hujui zilichambuliwa na nani.

Unga

Dona ni mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa. Kilo 20 za mahindi zinakupa karibu kilo 20 za unga, wakati sembe itakupa kilo 14 hadi 16, pumba zinabaki mashineni, na umelipia kukoboa juu ya kusaga. Kiini cha punje kinachotolewa na kinu cha kukoboa ndicho chenye mafuta, vitamini na sehemu kubwa ya madini.

Mafuta hayohayo ndiyo yanayofanya dona isikae. Baada ya wiki mbili hadi nne inaanza uchachu na uchungu, na hapo ndipo watu husema dona ni mbaya. Saga ya siku kumi tu kwa mara moja. Peta na uchambue mahindi kabla ya kwenda mashineni, maana kila kilichomo kitasagwa.

Watoto waliozoea sembe wasibadilishiwe ghafla. Wiki ya kwanza changanya dona sehemu moja kwa sembe sehemu tatu, ya pili nusu kwa nusu, ya tatu dona mtupu. Wakati wa kupika ongeza maji kidogo kuliko ya sembe, acha uji uchemke dakika kumi kabla ya kuusonga. Ugali wa dona unaokwaruza koo kwa kawaida ni ugali ambao haukuiva.

Mtama upewe siku mbili kwa wiki. Unavumilia ukame kuliko mahindi, na ugali wake kwa mlenda au dagaa wa nazi unashibisha muda mrefu.

Muhogo: hapa usifanye haraka

Muhogo ndio chakula cha bei nafuu kuliko vyote kusini, na ndio unaoweza kudhuru usipoandaliwa vizuri. Mizizi yake ina kemikali inayotoa sumu ya sianidi, nyingi zaidi kwenye muhogo mchungu na kwenye mwaka wa ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata milipuko ya konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiorudi nyuma, hasa kwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Konzo huwapata watu waliokula unga wa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo, wiki baada ya wiki, bila kitoweo chenye protini. Mwili hutumia protini kuiondoa sumu hiyo. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hivi: ugali wa muhogo hauliwi na mboga za majani peke yake. Lazima pawepo dagaa, samaki, mbaazi au kunde.

Muhogo wa kuchemsha au kuchoma uwe mtamu, na umjue muuzaji au mbegu yake. Menya ganda lote mpaka weupe wa ndani, toa mzizi wa katikati, chemsha bila kufunika, mwaga maji. Ukikata ukaona michirizi ya bluu au nyeusi, umekaa siku nyingi tangu kung'olewa. Punguza au uache. Muhogo uliong'olewa huharibika ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo ng'oa wa siku hiyo, au nunua mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Ukibaki, ufukie kwenye mchanga wenye unyevunyevu kivulini.

Makopa yanayokaushwa juani moja kwa moja, bila kulowekwa, hubaki na sumu nyingi. Njia bora kwa muhogo mchungu ni kumenya, kuloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kukamua, kuumega vipande vidogo na kuanika. Lakini vijiji vya uwanda wa juu, Newala na Tandahimba, maji ya kuloweka kiangazi ni shida kubwa, na watu hawawezi kulaumiwa kwa kuanika tu. Kwao kuna njia inayotumia maji kidogo na hufanyika kwa unga uliokwisha kusagwa. Ilibuniwa Australia na mwanasayansi Howard Bradbury na wenzake, na ilitumika kusini mwa Tanzania kuzuia konzo:

1. Tia unga wa siku hiyo kwenye beseni, usawazishe bila kukandamiza, weka alama ndani ya beseni mahali unga ulipofikia.
2. Mimina maji kidogo kidogo ukichanganya. Mwanzo unga utashuka. Endelea mpaka urudi kwenye ile alama. Unapaswa kuwa mbichi na wenye madongemadonge, usiwe uji.
3. Utandaze kwenye mkeka au turubai safi, unene usiozidi sentimita moja.
4. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka kama hewa, ndiyo maana unene ni muhimu. Ukiutandaza kwa rundo, wa chini unabaki nayo.
5. Pika ugali siku hiyohiyo. Unga huu mbichi haulali.

Fanya hivyo nje au barazani, si chumbani mlimolala watu. Na usianike makopa masika: yakipata madoa meusi au ya kijani ni ukungu, na kukwangua madoa hakusaidii.

Jambo moja zaidi kuhusu muhogo. Mwili unapoishughulikia ile sumu hubaki kitu kinachozuia madini joto kufanya kazi, na upungufu wake huleta rovu na kudumaza akili za watoto. Chumvi ya mashimo ya pwani inayouzwa kwa kopo mara nyingi haijatiwa madini joto. Nunua ya pakiti iliyoandikwa hivyo, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, uitie mwishoni mwa mapishi.

Mbaazi na mkaa wake

Wengi huacha mbaazi wakisema zinakula mkaa. Zinakula, kama zinapikwa zikiwa kavu kwenye sufuria iliyo wazi.

Chambua na loweka nusu kilo kwenye lita mbili za maji kuanzia jioni hadi asubuhi. Mwaga maji hayo. Yana vitu vinavyoleta gesi tumboni. Weka maji mapya yazidi mbaazi kwa vidole viwili, funika, zikishachemka punguza moto. Zilizolowekwa huiva kwa saa moja hivi. Ambazo hazikulowekwa zinaweza kuchukua mara mbili. Nyanya, ukwaju na ndimu zisiingie mpaka punje iwe imeiva kabisa, kwa sababu uchachu huzuia ganda lisilainike. Visima vya maji ya chumvi karibu na pwani vina tatizo hilohilo: tumia maji ya mvua au ya bomba kwa mbaazi ukiweza. Magadi hulainisha lakini huharibu vitamini, basi yawe chembe tu, na kwa mbaazi za zamani tu. Mbaazi zikigoma hata baada ya saa mbili, kwa kawaida ni za mwaka juzi, nunua kwingine.

Tui ni la mwisho. Nazi moja ikune, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi mara mbili. Mbaazi zilizoiva zichemke kwenye tui jepesi pamoja na kitunguu, bizari kidogo na chumvi, dakika 15. Tui zito liingie dakika tano za mwisho, ukikoroga bila kuacha ili lisikatike. Machicha yaliyobaki wape kuku.

Choroko haihitaji kulowekwa na huiva chini ya saa moja. Iwekee siku ambazo umesahau.

Ili mkaa upungue kwa nguvu, tengeneza kapu la kupikia. Chukua kapu kubwa la ukindu au boksi gumu, weka chini na pembeni unene wa sentimita 10 wa nguo kuukuu, sufi au nyasi kavu zilizobanwa, ukiacha shimo la sufuria. Shona mto wa kitu hichohicho wa kufunikia juu. Chemsha mbaazi zilizolowekwa kwa nguvu dakika 20, sufuria ikiwa imejaa angalau theluthi mbili, kisha bila kufungua kifuniko iingize kapuni, bana mto juu, ondoka. Baada ya saa tatu hadi nne zitakuwa zimeiva au zimebakiza kidogo. Sufuria iliyojaa robo tu haitaiva, haina joto la kutosha kutunza. Kabla ya kula chemsha tena. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kuingia kapuni. Yakiivishwa kwa joto dogo tu huleta kutapika.

Pika kilo nzima kwa mara moja. Nusu iwe ya leo kwa nazi, nusu ya kesho asubuhi na muhogo au viazi. Bila friji, kiporo kichemshwe usiku na asubuhi, na tui litiwe kwenye sehemu inayoliwa tu. Mbaazi zenye tui huchacha upesi, zisizo na tui hulala salama zaidi.

Samaki na dagaa

Bei ya dagaa hufuata mwezi. Wavuvi huwavua kwa taa, kwa hiyo usiku wa giza hupatikana kwa wingi, na mbalamwezi ikiwa kamili upatikanaji hushuka na bei hupanda. Nunua wa wiki tatu wakati wa giza. Pia upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huchafua bahari na mitumbwi midogo hubaki pwani. Miezi hiyo ndiyo ya kutegemea mbaazi mbichi na kunde, ambazo kwa bahati ziko tele.

Dagaa wazuri wana rangi ya fedha, wanavunjika kwa mlio, hawanuki mafuta yaliyochacha. Waliokaushwa kwenye chanja ni ghali kidogo kuliko walioanikwa chini, lakini kwa wa chini unanunua na mchanga. Usiwakate vichwa na kutupa nusu ya fedha yako: toa tumbo jeusi tu kama linakukera kwa uchungu. Wakaange bila mafuta dakika tatu, waoshe kwa maji ya moto mara mbili upesi, kisha uwaunge. Wakiliwa na mifupa yao wanawapa watoto madini ya kujenga mifupa.

Kwenye soko la samaki, iwe feri ya Mtwara, Mikindani au Kilwa Masoko, fika mitumbwi inapoingia, ununue vibua kwa fungu na kwa ushirika: nyumba tatu zikichanga, mnapata bei ya mnada. Angalia jicho lililojaa, shavu jekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Vibua na jodari waliokaa juani hutengeneza sumu inayoleta wekundu mwilini, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, na kuwakaanga hakuiondoi. Kama hakuna barafu, watoe matumbo, watie chumvi na kuwapika ndani ya saa chache. Kwenye fungu la mchanganyiko, bunju, samaki mwenye sumu anayejivimbisha, atupwe mbali hata na paka.

Mboga, ufuta na korosho

Kisamvu kitwangwe mpaka kiwe laini kabisa, kisha kichemshwe bila kufunika nusu saa au zaidi. Kutwanga ndiko kunakoiachia sumu itoke. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu hakitoshi. Majani ya kunde, maboga, matembele na mronge hayahitaji kazi hiyo: osha yakiwa mazima, ndipo ukate, pika dakika tano hadi kumi. Yaungwe na kitu chenye mafuta, tui, karanga au ufuta, la sivyo mwili hauchukui vitamini A iliyomo. Kipande cha embe bichi au ndimu kikiongezwa mezani husaidia kuchukua madini ya chuma. Chai isubiri saa moja baada ya chakula.

Masika majani ni mengi ya kutupwa, Septemba fungu linakuwa la majani sita. Kausha mapema: pitisha majani ya kunde kwenye mvuke dakika tatu, yaanike kivulini penye upepo, yakikatika kwa kusagika yafunge kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Jua kali huharibu vitamini A. Na hata kwenye uhaba wa maji, maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kuweka hai matembele kwenye magunia mawili ya udongo uani.

Ufuta osha kwenye maji uondoe mchanga, chuja, kausha, kaanga kwa moto mdogo mpaka uanze kuruka, twanga. Vijiko vitatu kwenye sufuria ya mlenda au mchicha vinachukua nafasi ya mafuta. Twanga wa siku tatu tu, uliotwangwa huchacha upesi.

Korosho za nyumbani zichomwe nje, kwenye bati lenye matundu, mchomaji akisimama upande unakotoka upepo. Mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake huwasha macho na kifua. Zikishawaka na kuzimwa, ziviringishe kwenye mchanga au majivu kabla ya kubangua. Watoto wakae mbali. Asiyetaka kazi hiyo anunue vipande vilivyovunjika kwa wabanguaji, bei yake iko chini na chakula ni kilekile. Mabibo yaliwe siku yanapoanguka: yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na ukakasi wake hupungua yakikatwa na kulowekwa kidogo kwenye maji ya chumvi.

Uji wa mtoto mdogo

Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, usinunue unga wa lishe wenye vitu kumi. Karanga, dagaa na soya zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa mwezi, zinachacha, na punje moja yenye ukungu inaharibu mzigo wote. Saga mtama au mahindi sehemu tatu na choroko zilizokaangwa sehemu moja, za wiki mbili. Karanga au ufuta viwe pembeni. Pika uji dakika 15, mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko bila kumwagika, kisha koroga kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa siku hiyo na maziwa au tui kidogo. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo kwa maji. Embe bivu lililopondwa, au papai, likitiwa ndani, sukari haihitajiki.